Mvua ya Mbotela

Nilidanganya kwa siku tisa, kisha nikakana kwa miaka miwili. Sauti niliyokuwa nikiwatumia wenzangu kila asubuhi, ile inayosema, "Leo ni shingo. Naacha kupiga pasi," ilikuwa sauti moja tu. Niliirekodi asubuhi niliyokuwa bado na nguvu za kuzungumza kama mtu, na kwa siku tisa zilizofuata nikawa naituma ileile nikiwa chali kitandani, sijaoga, sijachana nywele, naitazama dari. Shingo ndiyo ilikuwa sehemu pekee isiyouma.

Wenzangu walikuwa watatu. Tulijuana kwenye benchi la kliniki ya maumivu, tukingoja kuambiwa tena kwamba eksirei haioni kitu. Siku niliyotoka chumbani kwa daktari na karatasi iliyoandikwa "faibromayalgia", ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi alinitazama nikijaribu kuisoma, akasema, "Na wewe umepewa hilo jina la Kiitaliano?" Huyo ndiye fundi. Alikuwa mshonaji wa mtaa wa Mbotela hapa Nairobi, na cherehani yake aliiweka jikoni, chini ya paa la bati aliloliongeza nyuma ya nyumba ya zamani ya baraza la jiji. Aliishi peke yake tangu binti yake aende kufanya kazi Ghuba.

Wa pili alikuwa mzee wa Mukuru kwa Njenga, aliyebeba mizigo viwandani mpaka mgongo ukakataa. Bado alitembea kwa miguu kila mahali. Alisema akikaa anaganda kama mafuta ya kupikia. Wa tatu alikuwa mwenye duka hapa Ziwani, jirani yangu, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Mombasa tuliyemwita Bi Mkubwa, ambaye maumivu yalimkuta mikononi, yakahamia magotini, yakarudi mikononi, kama mpangaji asiyeridhika na nyumba yoyote. Jumamosi tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha duka lake, tukiegemea marobota ya unga. Mgongo ulioegemea robota la unga kwa saa moja hautamani tena sofa.

Mimi waliniita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu na naandika makala, basi nikapewa kazi ya kutunga kanuni. Nilitunga tatu. Ya kwanza, ni marufuku kusema "niko poa" au "niko tu". Ya pili, kila asubuhi kabla ya saa mbili, kila mtu atume sauti kwenye kundi letu la simu, si maandishi, kwa sababu maandishi hayatetemeki. Atasema mambo mawili: leo ni wapi, na leo anaacha nini. Kwa maana sisi tuliugua kwa kutoacha. Fundi alishona sare za shule nzima na vidole vilivyovimba kwa sababu aliona aibu kusema hawezi. Ya tatu, asiyetuma sauti, mtu ataenda kumgongea mlango.

Kanuni ya pili ilizua ugomvi wiki ya kwanza tu.

"Leo ni mgongo," alisema mzee. "Nawacha kuteka maji."

"Nawacha ndiyo nini?" Bi Mkubwa akamkatiza. "Neno ni kuacha. Naacha."

"Bi Mkubwa, mimi nikiumwa nawacha. Siku nikipona nitaacha."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu na kusema leo sasa ni mbavu.

Ilikuwa kanuni nzuri. Niliijua vizuri, na niliujua mwanya wake. Nilipolemewa, sikutaka wagonge. Nyumba ilikuwa na harufu, sinki limejaa, na mimi ndiye mwalimu, niliyekuwa nimetoka kuandika makala ndefu ya kuwahimiza wanawake wa umri wangu waombe msaada. Watu walinipongeza kwa makala hiyo. Nilizisoma pongezi nikiwa kitandani.

Uongo wangu ulikuwa na kasoro moja. Nyuma ya sauti yangu, kwa mbali, alisikika mnunuzi wa vyuma vikuukuu akipita na kipaza sauti: "Betri mbovu! Masufuria mabovu!" Alipita siku tisa, sekunde ileile. Baada ya mimi kuinuka, Bi Mkubwa aliniuliza mbele ya wenzetu mbona siku zile mtu wa vyuma alipita kwangu na hakupita kwake, na tunaishi ng'ambo ya njia moja.

"Labda kwangu kuna masufuria mabovu zaidi," nilisema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukana.

Mara ya pili ilikuwa kwa fundi. Alikuja kunipunguzia sketi, maana nilikuwa nimekonda. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akasema bila kuinua macho, "Mwalimu, ile sauti yako uliishona vizuri. Lakini mshono nimeuona."

"Mshono upi?"

Akatoa pini mdomoni. "Sawa. Hakuna mshono. Siku nikichoka sana nitakuja kuazima uzi wako."

Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka kwa sababu nilidhani kicheko kimefunga mjadala.

Februari mwaka huu ilikuwa kavu. Vumbi liliingia hata kwenye chumvi. Jumatano moja asubuhi nilisikiliza sauti ya fundi nikiwa nachemsha chai: "Leo ni mikono. Naacha kushona." Nyuma yake mvua ilikuwa inagonga bati. Nilimwonea wivu. Nairobi ina tabia ya kunyeshea mtaa mmoja na kuuruka wa pili, sikufikiri zaidi ya hapo. Alhamisi nilisikia tena mikono, kushona, na mvua. Ijumaa vilevile. Nilichungulia dirishani. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Kuna ukungu unaokuja na ugonjwa huu. Unasahau neno "kijiko" ukiwa umekishika. Kwa hiyo nilijiambia ni ukungu, kwamba nachanganya siku. Hicho ni kisingizio kizuri, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Hata hivyo nilivaa visikizi, nikazipanga zile sauti tatu, nikatazama urefu wake. Sekunde kumi na nne. Sekunde kumi na nne. Sekunde kumi na nne.

Jumamosi fundi hakuja. Kiti chake, kile cha plastiki chenye mto alioushona mwenyewe, kilibaki kitupu.

"Ametuma sauti," alisema Bi Mkubwa. "Ni mikono. Mwacheni apumzike."

"Umesikia mvua?" nikauliza.

"Mvua gani?"

"Kwenye sauti yake."

Mzee alitazama viatu vyake, vyekundu kwa vumbi mpaka kwenye kamba. "Mwalimu, mimi nimepita Jogoo Road leo na miguu yangu hii. Huko mvua ya nini? Hata mbwa wanakohoa."

Bi Mkubwa alifunga kopo la biskuti polepole, kisha akanigeukia. Macho yake hayakuwa na mzaha. "Hiyo mvua haifanani na yule mtu wako wa vyuma?"

Nilijua hapohapo kile ambacho ningepaswa kusema. Maneno machache tu: ndiyo, inafanana, nilifanya hivyo, na siku zile tisa sikuwa na shingo mbaya, nilikuwa siwezi kufika chooni bila kushika ukuta. Wangeinuka wote wawili waende Mbotela.

"Sijui unazungumzia nini, Bi Mkubwa," nilisema. "Huenda ni redio."

Hiyo ikawa mara ya tatu, na fundi anaishi kando ya barabara yenye jina la jogoo. Nilisoma Biblia Jumapili zangu zote za utotoni. Kejeli hiyo haikunipita.

"Kama ni redio, basi ni redio," alisema mzee, lakini hakugusa chai yake.

Jumapili nilimpigia fundi simu. Iliita mpaka ikakatika. Nilipiga tena baada ya kanisa la jirani kumaliza, nikapiga tena nikiwa nimejilaza na chupa ya maji ya moto nyongani. Niliandika: "Fundi, kwenu kunanyesha?" Zile alama mbili zikageuka buluu. Alikuwa ameusoma ujumbe. Nilikaa nikiitazama simu kama mtu anayetazama mlango ambao ameona kitasa chake kikizunguka. Hakujibu.

Ningeweza kwenda. Kutoka Ziwani hadi Mbotela ni magari mawili, na siku hiyo nyonga zangu hazikuwa tayari kwa hata moja. Hilo ni kweli, na ninaliandika nikijua linavyosikika. Ningeweza pia kumtuma mzee, au Bi Mkubwa. Lakini wangeniuliza nimejuaje. Ndiyo, nilipima hatari ya mwanamke mwingine dhidi ya aibu yangu, na kwa mchana mzima mizani haikuinama upande wowote.

Badala yake nilifanya kazi ya msomi: utafiti. Nilirudi nyuma kwenye mazungumzo yetu, wiki baada ya wiki, mpaka mvua za vuli. Nikaikuta. Asubuhi moja ya Novemba, sekunde kumi na nne, mikono, kushona, bati. Chini yake mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika: "Sikilizeni mvua ya Mbotela ilivyo tamu." Kisha nikasikiliza sauti zake za siku zilizotangulia hiyo Jumatano, zile za kweli, nikiwa makini kwa mara ya kwanza. Jumatatu alisema, "Leo ni miguu. Naacha kwenda sokoni." Jumanne alisema, "Leo ni miguu. Naacha..." kisha kimya kirefu, na pumzi, na sauti ikaisha. Tulikuwa tumemjibu kwa vikopa vyekundu, zile alama za moyo. Mimi nilituma viwili.

Hakuwa amesema anaacha nini.

Jumatatu niliamka kabla ya saa kumi na mbili, simu mkononi. Nilijiahidi kwamba leo ikija sauti isiyo na mvua nitanyamaza milele. Saa moja na dakika arobaini ikaja. Niliisikiliza nimesimama. Mvua ilinyesha.

Kukiri kwa maneno kulinishinda hata hapo. Nilijaribu kurekodi mara nne, na mara zote nne sauti yangu ilianza kueleza, na mimi nikianza kueleza huwa sifiki. Mwishowe nilirudi miaka miwili nyuma, nikaitafuta ile ya kwangu, nikaituma kwenye kundi jinsi ilivyo. "Leo ni shingo. Naacha kupiga pasi." Na nyuma yake, "Betri mbovu! Masufuria mabovu!" Kisha nikaandika chini: "Hii ni ya zamani. Niliituma siku tisa. Bi Mkubwa aliniuliza nikakana, na Jumamosi nikakana tena. Shingo haikuwa inauma, sikuweza kusimama. Mvua ya fundi ni ya Novemba."

Bi Mkubwa alipiga palepale. "Mwalimu," alisema, na nikasikia akishusha mlango wa chuma wa duka, jambo asilolifanya asubuhi hata siku ya msiba. "Nitakugombeza baadaye. Nipo njiani."

Mzee aliandika neno moja: "Natembea."

Nikabaki mimi na simu. Maji ya chai yalichemka, yakakauka, sufuria ikaanza kunuka. Nilifikiria ile miguu ya Jumanne. Nilifikiria mlango wa fundi, ambao nilikuwa nimeuona mara moja tu: mlango wa mbao nzito, na ndani yake komeo la chuma alilolifunga juu sana, kwa kuogopa wezi, hata yeye mwenyewe alilifikia kwa kunyanyua visigino. Nilikuwa nimemtania kuhusu komeo hilo. Sasa nilijiuliza mzee na Bi Mkubwa wakifika watagonga nini, na nani atawafungulia.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya fundi.

Niliipokea. Hakukuwa na mvua. Kulikuwa na pumzi tu, karibu sana, kana kwamba simu ilikuwa imelazwa kando ya mdomo.

"Siku tisa, mwalimu?"

"Tisa."

"Mimi nina sita." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajazungumza na yeyote. "Niko hapa chini. Tangu jana asubuhi. Nilitaka kwenda kuchota maji ya kunywa."

"Kwa nini hukusema?"

"We ulisema?"

Nilimwambia wenzetu wako njiani, kwamba mzee anatembea, kwamba watauvunja mlango.

"Wasivunje. Mlango wa watu huo." Akapumua. "Kuna ufito wa kupimia nguo hapa karibu na cherehani. Usikate simu."

Sikukata. Nilisikia nguo ikikokotwa sakafuni, ikatulia, ikakokotwa tena. Nilisikia kiti kikianguka, na yeye akitoa sauti ambayo sitaiandika. Kisha kimya, kirefu kiasi kwamba niliitoa simu sikioni kuangalia kama bado tumeunganishwa. Kisha mti ukigonga chuma, ukikosa, ukigonga tena. Mara ngapi, sikuhesabu. Chuma kikasogea.

Alirudi kwenye simu akihema.

"Leo ni kila mahali," alisema fundi. "Naacha mlango wazi."