Mkono Una Maji

Mwaka nilioanza kazi ni ule tuliokunywa chai bila maziwa. Mtu wa kwetu akisikia hivyo haulizi tarehe. Ngamia walikauka, mbuzi wakalala chini wasiinuke, na sisi tukala ugali wa mahindi ya njano ya msaada mpaka watoto wakasahau nyama. Mume wangu alikuwa amefariki. Nikaja Garissa mjini, nikaomba kufagia duka la fundi wa redio.

Mwenye duka alikuwa mtu wa bara. Tulimwita Fundi Mkuu, ingawa fundi mdogo hakuwepo. Alitengeneza amplifaya za mitumba, yale masanduku mazito ya kuongeza sauti yanayotoka ng'ambo yakiwa yamechoka. Siku hiyo ya kwanza nilikuta moja iko wazi mezani, haijachomekwa popote. Nikapitisha kitambaa nifute vumbi. Kitu kikanipiga mpaka begani, nikajikuta nimekalia ufagio.

"Si imezimwa!" nikalia.

"Imezimwa, haijafa," akasema Fundi Mkuu. Hakucheka. "Humo ndani kuna kapasita. Inaweka moto kama nyinyi mnavyoweka maji."

Hapo nikaelewa, na hivyo ndivyo ninavyowaeleza nyinyi. Umeme wa ukutani huja kwa mikupuo. Kapasita ni berkedi, lile tangi la saruji tunalochimba kule Wajir: linapokea mvua kwa fujo, linatoa maji taratibu. Joto letu likiikausha kapasita, fujo yote inafika kwenye spika: mmmmm, kama ngamia dume mwenye hasira. Punguza sauti mpaka mwisho. Mvumo ukibaki, usilaumu kaseti wala maikrofoni. Tafuta kwenye umeme wa ndani.

Fundi Mkuu alinipa kazi ya ufundi kwa sababu niliogopa. "Wasioogopa nimezika wawili," alisema. Kila asubuhi neno lake lilikuwa moja: pima. Shika testa, ile bisibisi yenye taa, pima, ndipo uguse. Ulimi wangu wa Kisomali ulitoa bima.

"Bima ni ya gari, mama. Sema pima."

"Bima."

"Haya, iwe bima. Ukipima umejikatia bima."

Alinituma kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kwenye vibanda vinavyotumia jenereta, na Griftu siku za mnada. Nilijua kulehemu, nilijua kumwaga moto wa kapasita kwa balbu kabla ya kutia kidole. Niliogopa kila siku na sikuona haya. Siku moja tu nilisahau kuogopa.

Ilikuwa hapa Garissa, Ramadhani inakaribia. Amplifaya ya msikiti ilivuma. Nikabadilisha kapasita, mvumo ukapungua lakini haukuisha. Mwenyekiti wa kamati akaja dukani amekunja uso. "Mama, adhana yetu ina nzi ndani."

Fundi Mkuu akasema waliobaki ni nzi wa waya wa ardhi. Huo ni waya wa kijani na njano, unaochukua umeme uliopotea njia na kuupeleka mchangani. Amplifaya ilikuwa na wake kwenye ukuta huu, na mikisa, kile kisanduku cha kuchanganya sauti, ilikuwa na wake kwenye ukuta ule. Zikiunganishwa, zinagombana.

"Kata zote mbili," akaniambia.

Saa ile msikiti ulikuwa hauna mtu ila mwenyekiti. Nikaingia kwa mlango wa wanawake, nikakata. Sikupima. Nzi wakanyamaza, mwenyekiti akaniombea dua, nikarudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Nikachota maji nitie udhu wa Alasiri. Yalipofika kwenye kiwiko nikamwona muadhini akilini. Mzee yule hutoka udhuni ndevu zinadondosha, anakamata maikrofoni ya chuma kwa ngumi nzima. Mguu mmoja sikuuosha. Nikakimbia.

Niliingia kwa mlango wa wanaume, mimi ambaye sijawahi hata kuuchungulia. Mkono wa muadhini ulikuwa umebaki shubiri moja kuifikia maikrofoni.

"Maalim, usishike!"

"Naa, wee mwanamke, umepata wazimu?"

Nikamsukuma pembeni, nikaweka testa kwenye ile maikrofoni. Taa ikawaka nyekundu. Waya mkongwe ndani ya amplifaya ulikuwa umechubuka, umeme unavuja kwenye chuma, na njia yake ya kwenda mchangani niliikata mimi. Muadhini akautazama mkono wake. Kisha akatoka nje akaadhini kwa koo tupu.

Nilirudisha nyaya zile, nikabadilisha ule uliochubuka, nikachomeka vyombo vyote viwili kwenye soketi moja. Mvumo ukaisha. Ulikuwa unataka hilo tu.

Kesho yake mteja akaleta amplifaya inayovuma kwa ugomvi ule ule wa waya wa ardhi, na Fundi Mkuu akaniambia nikate. "Ile ya msikiti ilikuwa bahati mbaya," akasema.

Nikasema, "Waya wa ardhi sikati. Mkono wa mtu una maji."

Akaniambia nitafute pahali pengine. Nikatafuta. Meza yangu mwenyewe ya ufundi ilinilisha mpaka vidole vilipoanza kutetemeka, nikaifunga. Woga haukustaafu. Adhana ikianza popote, mimi nangoja takbira ya pili ndipo nipumue.

Juzi muadhini yule yule alikuja kwangu. Sasa ni mzee sana, amebeba amplifaya ndogo ya madrasa yake. Ilivuma.

"Abaayo, dada yangu, nimechoka na nzi. Najua huwa unakataa. Lakini mimi si ndugu yako? Na siku ile si nilipona? Kata tu."

Alikuwa ametoka udhuni. Tone moja likaanguka kutoka ndevuni, likatua juu ya chuma kati yetu.

"Waya wa ardhi sikati. Mkono wa mtu una maji."