Shingo Yangu Katika Soko la Ngamia

Nakiri kwa aibu: soko la ngamia la Garissa linanijua, si kwa riwaya ninayoiandika, bali kwa shingo.

Siku hiyo abti, yaani mjomba wangu, alikuwa anauza ngamia jike ili ayeeyo, nyanya yetu, akafanyiwe upasuaji wa macho, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kushika kamba. Lakini mimi ni mwandishi (ndivyo nilivyojiita kwa kila aliyesimama karibu), nikaanza kumfundisha binamu yangu Sahra, muuza chai, kwamba Waingereza wakitupia kitu jicho husema wamechukua "gander", na gander ni bata bukini dume, kwa kuwa mtu anayenyosha shingo kuchungulia hufanana kabisa na ndege huyo.

"Walaal, ndugu yangu, bata huyo umemwona wabi?" Sahra akauliza, kwa lafudhi yetu ya Kisomali inayogeuza "p" kuwa "b".

"Vitabuni."

"Basi kunywa chai, nyamaza."

Laiti ningenyamaza! Nikasema ngoja nikuonyeshe, nikanyosha shingo, na mbele yangu abti na mnunuzi walikuwa wameshikana mikono chini ya shuka, wakipatana bei kwa kubonyezana vidole kama tufanyavyo hapa ili mwingine asijue, upepo ukainua pindo, jicho likaingia, na mdomo (ee Mola, mdomo huu!) ukatamka, "Vidole vinne!"

Soko zima likageuka. Mnunuzi akachomoa mkono kama aliyeshika kaa la moto.

"Mzee, umeleta ngamia au redio?" akamwuliza abti, akaenda zake, na wengine wote, kwa kuwa sasa walijua bei, wakakataa kuongeza hata ukucha. Abti hakunigombeza. Alitwaa kamba mkononi mwangu, polepole, na hilo liliniuma zaidi ya matusi.

Wiki nzima, hadi soko lililofuata, nilimwongoza ayeeyo kwa mkono, na kila tuliyepishana naye alininyoshea shingo. Ngamia aliuzwa mimi nikiwa nimeachwa nyumbani. Upasuaji ukafanyika, bandeji ikatolewa, ayeeyo akanitazama kwa muda mrefu, nami nikainamisha kichwa nikingoja dua.

"Kumbe shingo yenyewe ni fubi," akasema. "Ilifikaje kule?"

Sura niliyokuwa nimeandika kuhusu bata huyo nimeifuta kwenye riwaya. Na siku hizi mikono ikiingia chini ya shuka, mimi hutazama viatu vyangu; nimevikariri hadi nyuzi.