Bibi hakuijua sauti yangu

Leo nimemwamkia bibi kwa sauti, na hadi sasa nalia.

Mnaosoma nami mnajua: nikitaka kusema, nyuzi za sauti hujibana na pumzi yangu hulia kama mluzi. Imekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo. Bibi haoni, kwa hiyo hunitambua kwa mluzi huo, na kwa jinsi ninavyomshika goti badala ya kumwamkia.

Likizo nzima nimefanya mazoezi ya kupumua niliyopewa na daktari. Navuta hewa taratibu puani, kisha naitoa mdomoni kama mtu anayepoza uji.

Yote hayo kwa ajili ya neno moja.

Leo nikafika kwake, mtaani Ng'ambo. Nikapumua kwanza mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

Ikatoka! Safi kabisa!

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Ni mimi, Zuhura."

"Acha utani wewe. Zuhura wangu namjua."

Koo likabana. Mluzi ukarudi. Nikamwendea, nikapiga magoti, nikamshika goti.

Akacheka kwa furaha, akanipapasa kichwa.

"Umekuja, mke mwenzangu! Kuna mgeni hapo mlangoni, hebu mkaribishe."

Niambieni, kesho niende kwake na sauti ipi?