Vijiji Kumi na Kimoja Vilivyoanza na Kwe

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba haikuishia kwenye makoti. Kompyuta nazo ziliingia, zimeshachokwa huko zilikotoka, nami nilipopunguzwa kazi kwenye shamba la chai nikajipatia moja na kufungua chumba cha uchapaji Lushoto mjini. Nilikuwa na elimu ya sekondari na kitabu cha Paskali, lugha ya kuandikia programu, kisicho na jalada. Nilijiona mhandisi.

Shangazi yangu alikuwa mwalimu mstaafu. Alipoacha chaki alishika njia. Alipanda na kushuka milima akiwauliza bibi vizee majina ya Kishambaa ya mboga za msituni: ipi huchumwa mvua zikianza, ipi huchemshwa mara mbili isije ikaua mtu. Kila kijiji alikipa daftari lake, vijiji kumi na saba kwa jumla. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba macho yake yanakwenda kuzimika, naye alitaka kitabu kitoke akiwa bado anaweza kukisoma.

Nilimchapia yote, kila kijiji faili moja. Nilipomaliza nikamwambia maneno ambayo hadi leo yananiwasha.

"Shangazi, madaftari ya nini tena? Mambo yako yote yamo humu."

Aliitazama kompyuta. "Humu hamna panya?"

"Hamna."

Basi akayapeleka jikoni. Kuni za masika zilivyo mbichi, yale madaftari yaliwasha moto mpaka Pasaka ikapita.

Mchapishaji wa Tanga alitaka mafaili yote kwenye disketi moja, nayo hayakuenea. Ilikuwapo programu ya kuyabana yapungue ukubwa, yenye kufanya kazi hiyo kwa amri moja. Lakini mtu aliyejifunza Paskali haridhiki na amri moja. Niliandika programu yangu mwenyewe: ichukue kila faili, ilipe jina fupi, iiite ile ya kubana ifungashe yote bunda moja, kisha ifute mafaili ya awali ili kuokoa nafasi. Jina la faili enzi hizo lilikuwa na herufi nane tu. Nikazigawa: tatu za mwanzo za jina la kijiji, tano za tarehe ya siku ile. Nikaijaribu kwa Mnazi, Bumbuli na Sigi. Nikapata MNA, BUM na SIG. Safi kabisa.

Mshambaa yeyote aliyesoma mpaka hapa ameshaanza kucheka. Nusu ya vijiji vya milima hii majina yao huanza na Kwe, nami nilizaliwa katika kimojawapo.

Bunda lilitoka dogo kuliko nilivyotegemea. Nilijisifu kwa kila aliyeingia kupiga chapa barua. Nilimweleza hata fundi viatu wa jirani jinsi nilivyobana, naye akaniuliza kama naweza kumbania soli.

Siku ya kupeleka disketi Tanga, Shangazi alikuja amevaa sweta lake la kanisani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba." Aliniita baba kwa sababu nilirithi jina la baba yake. "Nionyeshe watoto wangu kabla hawajasafiri."

Nikalifungua bunda. Yakatoka mafaili saba. Akasogeza pua hadi kwenye kioo, akahesabu kwa kidole, akarudia.

"Na hawa wengine, wanakuja kwa miguu?"

Nilifungua faili la KWE. Ndani kulikuwa na kijiji kimoja, kile cha mwisho. Vijiji kumi na kimoja vilikuwa vimepewa jina moja, na kila kilichofika kilimfuta mwenzake na kukaa mahali pake. Programu haikulalamika, kwa kuwa sikuiandikia kulalamika. Nilikuwa nimejaribu kubana tu. Kufungua sikuwahi kujaribu. Na nafasi ya yale mafaili ya awali nilikuwa nimeshaijaza mitihani ya shule; hayangerudi tena.

Nilifikiria kusingizia umeme. Umeme wetu ulikuwa umezoea kusingiziwa. Lakini mama huyu ndiye aliyenifundisha kusoma, na uongo wangu aliujua kabla haujanitoka. Nikamweleza kosa, herufi kwa herufi.

"Kwa hiyo bunda lilikuwa dogo kwa sababu halikuwa na kitu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kubana huko hata mimi nakuweza, baba. Niliyabana yale madaftari jikoni." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Funga chumba. Chukua daftari. Utaandika wewe, mimi sitaona tena mistari."

Tulivirudia vijiji kumi, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na kalamu. Kila nyumba alinitambulisha vilevile: "Huyu ndiye mtaalamu. Msimpe kitu akifungashe." Bibi walicheka, wakataja majina upya, wengine wakaongeza waliyoyasahau mara ya kwanza. Tulikwenda hivyo vijiji tisa, na nikaanza kujidanganya kwamba hakuna kilichopotea.

Katika kijiji cha kumi, bibi aliyejua majina alikuwa amezikwa tangu kabla ya mwezi wa mfungo. Binti yake alitukaribisha. Majina hakuyajua; mama yake alikuwa akimtuma tu, kata hili, acha lile. Alikwenda ukingoni mwa msitu, akarudi na majani ya aina nne, akayapika. Moja lilikuwa na uchungu mzuri ambao sijauonja tena popote.

Shangazi alikula taratibu, akipapasa bakuli kwa vidole.

"Andika," akasema.

"Niandike nini, Shangazi? Jina hatuna."

"Andika kwamba tulikula."