Bi Kitufe na Kompyuta Sita Zilizopokonywa Kumbukumbu

Mwalimu wa kupiga chapa katika chuo chetu cha jioni aliporudi kutoka likizo, alikuta kompyuta zake sita zimefanyiwa upasuaji bila yeye kuulizwa. Diski zote zilikuwa zimeng'olewa. Kila mashine iliyokuwa na vibao viwili vya kumbukumbu ilibakiwa na kimoja, tena kile kidogo. Baadhi ya vibao vilivyoondolewa vilipachikwa kwenye kompyuta ya Mkuu wa Chuo, eti ilikuwa nzito. Vilivyosalia, pamoja na diski, vilifungiwa katika kabati lake "kwa usalama". Jambo hili lilifanyika kwa amri, wala si kwa wizi, na ndiyo sababu hakuna aliyeitwa kuulizwa.

Mwalimu huyo wanafunzi humwita Bi Kitufe, kwa kuwa swali lake la kwanza kwa kila aliyeharibu jambo ni: "Umebonyeza kitufe gani?" Ni mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, anayejipenda kwa mavazi na asiyeona haya kujisifu. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu.

"Mkuu, mashine zangu hazina akili."

"Zinawaka taa, Mwalimu?"

"Taa zinawaka."

"Basi zinafanya kazi. Mgeni akipita ataona taa."

Ukaguzi ulikuwa umekaribia. Wakaguzi wangeamua kama darasa lile litaruhusiwa kutahini wanafunzi wake au litafungwa, na likifungwa, washonaji, matarishi na seremala mmoja mwenye mvi waliolipa karo mwaka mzima wangerudi nyumbani bila cheti. Bi Kitufe naye angehamishiwa stoo kuhesabu mafagio.

Aliyemwokoa ni mdogo wake wa kike, fundi wa simu na kompyuta, ambaye kibanda chake ni kidogo kiasi kwamba mteja akiingia yeye hutoka.

"Dada, diski si lazima," alisema huku akipuliza vumbi. "Ninakuwekea mfumo mzima kwenye flashi. Unachomeka, unawasha, mashine inaamka kutoka kwenye flashi. Ni mfumo mwepesi, umetengenezwa kwa ajili ya mashine maskini kama zako."

"Usizitukane."

"Sizitukani, ninazipima. Kumbukumbu yake ni kama meza ya kahawa: ukiweka sahani, chukua kikombe. Kwa hiyo dirisha moja tu kwa wakati mmoja. Na flashi isichomolewe kamwe mashine ikiwa inafanya kazi! Kumbukumbu haitoshi kuubeba mfumo wote, kwa hiyo kila dakika inarudi kwenye flashi kuchota. Ukichomoa, umemkata mtu pumzi."

"Na kazi za wanafunzi?"

"Wahifadhi kwenye flashi kabla ya kuzima. Wasipohifadhi, mashine itasahau kila kitu, kama shemeji yangu ukimtuma sukari."

Basi darasa likaanza upya, na maisha yake yakawa ya kuchekesha kuliko ya kusikitisha. Flashi sita, kila moja imefungwa uzi wa sufu wa rangi yake, zilichomoza mbele ya mashine. Ilikuwa marufuku kupita karibu ukiwa umevaa kanga inayoburuta. Aliyetaka kupiga chafya alitoka nje. Mshonaji mmoja alipothubutu kufungua picha ya gauni wakati barua yake ikiwa wazi, mashine iliganda, na darasa zima likamgeukia kama mtu aliyepiga mluzi msibani.

"Ni gauni moja tu!" alijitetea.

"Gauni lina marinda!" alifoka Bi Kitufe. "Marinda yote hayo yatakaa wapi?"

Seremala, aliyezoea misumari, aligonga vibonye kwa nguvu hadi flashi yake ikatikisika.

"Babu, taratibu! Hiyo ni herufi, haiendi popote."

"Mwanangu, nisipoigonga vizuri nitaiaminije?"

Hata hivyo walijifunza. Siku ya ukaguzi ilipofika, Bi Kitufe aliziwasha mashine zote mapema, akahakikisha zimeamka, akaenda kubadilisha viatu, kwa kuwa alikuwa na jozi maalumu ya wakaguzi.

Hapo ndipo Mkuu alipoingia. Ni lazima ifahamike kwamba Mkuu wetu ana ugonjwa wa unadhifu. Kabla ya wageni kufika, yeye huzunguka chuo akiondoa kila kilichochomoza: kalamu mifukoni mwa walimu, misumari ukutani, hata funguo milangoni, na mwaka mmoja alitufungia sote nje pamoja na wageni. Alipoona zile flashi na nyuzi zake za sufu, alishtuka.

"Mbona mashine zimetoa ndimi?" aliuliza.

Alizichomoa zote. Tano alizipanga vizuri kwenye kisahani cha chai. Ya sita alikwenda nayo ofisini kuangalia ina nini.

Bi Kitufe alirudi na viatu vyake, akifuatana na mkaguzi, mama mtulivu mwenye miwani shingoni, na wanafunzi nyuma yao. Vioo vilikuwa vinang'aa. Mkaguzi alishika kipanya. Mshale ukatembea vizuri kabisa. Alibonyeza. Kimya. Alibonyeza tena. Mshale uliendelea kutembea, lakini hakuna kilichofunguka.

"Mwalimu, hii ni kompyuta au ni picha ya kompyuta?"

Bi Kitufe aliinama, akaona matundu matupu, kisha kisahani.

"Nani amebonyeza... nani amechomoa?"

"Nimepanga," alisema Mkuu kwa fahari, akitokea mlangoni. "Zilikuwa zinaaibisha."

Flashi za kisahani zilirudishwa haraka, lakini kuamka kwa mashine zile kulichukua muda wa kuchemsha maharage. Bi Kitufe alimvuta Mkuu pembeni.

"Mkuu, toa hotuba."

"Kuhusu nini?"

"Chochote. Ila usimalize."

Kwa haki ninakiri kwamba Mkuu alihutubu. Hotuba zake, ambazo kwa miaka zimetulaza usingizi, siku hiyo zilitufaa. Alieleza historia ya chuo, historia ya kalamu, na faida za kufagia kuanzia pembeni. Nyuma yake mashine ziliamka moja baada ya nyingine, na kila moja ilipoamka wanafunzi walipiga makofi, naye akadhani ni yake, akaongeza bidii.

Ziliamka tano. Seremala alibaki amekaa mbele ya kioo cheusi.

"Flashi ya uzi mwekundu iko wapi?" aliuliza Bi Kitufe.

"Ipo ofisini, salama," alijibu Mkuu. "Niliichomeka kwenye kompyuta yangu. Ikaniuliza kwa adabu kama ningependa kuitayarisha ili itumike. Nikasema ndiyo. Haifai kumkatalia anayeuliza kwa adabu."

"Umeifuta!"

"Nimeitayarisha."

Mkaguzi alivaa miwani. "Huyu mzee asipofanya jaribio, siwezi kulipitisha darasa. Sheria ni kila mwanafunzi na mashine yake. Hakuna kompyuta nyingine hapa?"

Darasa zima lilimtazama Mkuu. Mkuu aliutazama ukuta aliokuwa ameung'oa misumari.

Walimpeleka seremala ofisini. Mkaguzi aligusa kipanya, na kioo kikaonyesha karata zilizopangwa kwa safu, mchezo ukiwa nusu, na nyuma yake madirisha mengine manane, yote wazi, yote ya karata.

"Nilikuwa naelekea kushinda," alisema Mkuu kwa sauti ndogo.

Mkaguzi alifunga madirisha yote. Seremala alikaa, akakunja mikono ya shati, akaigonga barua yake ya maombi ya kazi kuanzia tarehe hadi sahihi. Kompyuta haikuganda hata mara moja. "Hii ni nzuri," alisema. "Ina nafasi ya kuvuta pumzi."

Mkaguzi aliuliza nafasi hiyo imetoka wapi, na Bi Kitufe, ambaye hajawahi kuulizwa jambo akanyamaza, alimwelekeza kwenye kabati. Uamuzi ukatolewa papo hapo: darasa litatahini mwaka huu tu. Mwakani mkaguzi atarudi, na akikuta mashine bado zinaishi kwa kuchota kwenye flashi, atalifunga.

Muhula mpya umeanza. Bi Kitufe bado anachomeka flashi sita kila jioni, na kabati bado limefungwa. Kwa hiyo ninamwambia Mkuu wa Chuo, na ninaiambia bodi inayomlinda: fungueni kabati hilo wiki hii. Rudisheni diski sita na vibao vyote vya kumbukumbu, vikiwemo vilivyomo kwenye kompyuta ya karata, na mvipachike mbele ya wanafunzi waliovilipia. Msilete hotuba. Leteni bisibisi.