Transista ya Nne ya Fundi Isakwisa

Fundi Isakwisa wa Mbeya alikuwa hana shida na umeme. Shida yake ilikuwa Igowole. Mama Devota, mlezi wa kwaya ya huko, alikuwa amempigia simu kwa mara ya tatu.

"Fundi, limezima tena. Na linanuka."

Lilikuwa ni sanduku alilounda mwenyewe la kulisha amplifaya kuukuu ya kwaya, ile yenye taa za kioo ndani, inayotaka volti mia tatu zisizotikisika. Kazi ya kuzituliza aliipa transista moja.

Ya kwanza ilipokufa, akaweka fyuzi. Ya pili ikafa, fyuzi ikabaki nzima kana kwamba imetoka dukani. Akaongeza saketi ya kukata umeme nyaya zikigusana. Na ya tatu ikafa! Akaongeza zena ya kuzuia volti zisizidi. Sanduku likawa na walinzi wengi kuliko benki, na transista ya mwisho, maana Matano wa duka la vipuri alishasema aina ile haiji tena. Mzee wa kanisa naye alishaapa: likizima Jumapili ya mavuno, linakwenda kwenye vyuma chakavu pamoja na amplifaya yake.

Jumamosi Isakwisa akalipeleka sanduku mwenyewe, akalifunga mahali pake, akaenda kunywa chai. Aliporudi hakuliona. Aliona blanketi zito, juu yake kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa ua la plastiki.

"Mama Devota, hii nini?"

"Salamu kwanza, fundi. Kamwene."

"Kamwene. Hii nini?"

"Baridi ya huku si ya Mbeya. Asubuhi nalikuta limepoa kama maiti, ndiyo maana nalifunika. Lilipokufa mara ya pili nikatafuta blanketi zito zaidi."

Isakwisa akakaa kwenye benchi. Aliilinda transista dhidi ya shoti, radi na panya. Dhidi ya huruma hakuwa na saketi.

"Mama, volti zinazozidi, transista inazigeuza joto. Lazima joto litoke."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Na wewe uliniuliza kama nafunika?"

Isakwisa akachukua bisibisi. Akaihamishia transista nje, mgongoni mwa sanduku, juu ya bati nene la alumini lenye mapezi ya kutoa joto, akiitenga kwa kipande cha maika ili umeme usipite kwenye bati. Akapima mara mbili, kisha akaligusa kwa kiganja chake.

"Hata kitambaa kisiwekwe?" Mama Devota akauliza kwa huzuni.

"Hata ua."

Jumapili hakusikia mahubiri. Kila wimbo ulipokwisha alinyoosha mkono kupima bati: la moto, lakini joto ni lilelile. Wimbo wa nane ukapita. Mzee wa kanisa akamwinamia: "Basi, libaki."

Isakwisa alipogeuka, waimbaji wa besi wote wanne, Ambrosi mbele yao, walikuwa wamelizunguka bati, viganja vimenyooshwa, wanaota moto huku wanaimba. Mama Devota, blanketi mabegani, akawakimbilia.

"Ambrosi! Pisheni hewa ipite, mtaniulia mgonjwa!"