Fundi Aliyesafiri na Betri Yake

Tserenkhand alikuwa mwanamke wa kuhesabu chenji mara mbili na kugeuza samaki aone upande wa pili, hata kama muuzaji ni dada yake. Mimi sikumlaumu. Mume wake, Purevsuren, alikwenda Korea kufanya kazi kiwandani, akaaga kwamba anakwenda kwa miaka mitatu. Alikaa tisa. Aliporudi, Tserenkhand alimpokea getini, akampa kikombe cha chai, akasubiri amalize, kisha akamwomba kikombe chake na kufunga geti.

Mimi ninaitwa Nansalmaa. Nilimfahamu Tserenkhand figo zangu zilipochoka. Huku kwetu vilimani, ambako mahema na nyumba za mbao zimebanana hadi juu kabisa, basi halipandi, na sisi wa kusafishwa damu tunatakiwa hospitalini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi na mapema. Tserenkhand alikuwa na gari la haibridi la Kijapani, la kutumia petroli na betri kwa zamu, la zamani, usukani kulia, kama yalivyo nusu ya magari ya hapa Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia. Alitubeba watu wawili: mimi na Mzee Damdinjav, mpelelezi wa polisi aliyestaafu. Mzee huyu alikaa nyuma upande wa kulia, mimi kushoto, na njia nzima alikuwa akimshuku dereva wa kila gari lililokuwa mbele yetu.

"Mtazame yule," alikuwa akisema. "Anaendesha polepole. Mtu asiye na hatia huendesha polepole kwa nini?"

"Labda ana mtoto mgonjwa, mzee," nilikuwa nikijibu.

"Ndivyo wanavyosema wote."

Siku gari lilipogoma ilikuwa mwisho wa Agosti, mchana wa joto, tunarudi kutoka mashineni. Foleni ilikuwa imekwama kwenye daraja la mto Selbe. Mara dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu, feni ya kupoza betri ikaanza kunguruma kama mtu anayekoroma nyuma ya kiti, na gari likakosa nguvu. Tserenkhand alilisukumasukuma kwa petroli tupu hadi kwangu.

"Ni ile betri kubwa," alisema. "Winta na baridi yake ikinikuta hivi, nitawaua barabarani."

Si maneno ya kutia chumvi. Januari kwetu, gari likizima kilimani na ndani yake kuna wagonjwa wawili waliotoka kusafishwa damu, hakuna wa kukucheka.

Njia zilikuwa mbili. Anunue betri mpya, bei yake karibu nusu ya gari lenyewe, au achukue iliyofufuliwa: fundi anaifungua ya zamani, anatoa seli zilizokufa, anaweka nyingine zenye uhai kutoka magari yaliyopata ajali, anachaji na kupunguza chaji siku kadhaa mpaka zote ziwe sawa. Hiyo ilikuwa robo ya bei. Kila mtu mjini alikuwa na shemeji aliyefanyiwa hivyo ikadumu miaka minne, na jirani aliyefanyiwa hivyohivyo ikafa baada ya wiki mbili.

"Twende tukakague," akasema Mzee Damdinjav, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue macho yake yaling'aa. "Mimi nitauliza maswali. Ninyi nyamazeni."

Ijumaa, tulipotoka hospitalini, tukaenda wote watatu kwenye duka la betri mpya. Mzee alikuwa amejifunika koti lake la ngozi ya kondoo, kwa sababu ukitoka kwenye ile mashine unasikia baridi hata jua likiwa utosini. Muuzaji alikuwa dada mmoja mchangamfu, kucha ndefu, manukato mengi.

"Karibuni, mama zangu! Karibu, baba! Hii hapa, mpya kabisa, haijaguswa na mtu."

Mzee Damdinjav hakuitazama betri. Alilizunguka boksi, akapitisha kidole juu yake. "Boksi upande huu limepauka," alisema. "Limekaa dirishani misimu mingapi?"

"Aa baba, jua la hapa si unalijua."

"Ninalijua. Ndiyo maana ninauliza."

"Imetengenezwa lini?" akauliza Tserenkhand.

"Mwaka huu. Au mwaka jana, huko mwishoni. Lakini mama, mpya ni mpya. Haijatumika hata siku moja."

"Msichana asiyeolewa naye hazeeki?" akauliza mzee.

Dada yule alicheka sana. Tserenkhand hakucheka. Aliomba karatasi ya dhamana akaisoma akiwa amesimama, midomo ikichezacheza, mpaka akafika chini kabisa kwenye maandishi madogo. Dhamana ilikuwa ya miaka miwili, ila inakufa gari likitumika kubeba abiria wa kulipa.

"Hawa ni abiria wangu," akasema, akituonyesha.

"Sasa mama, nani atajua? Sema ni ndugu zako."

Hapo ndipo duka lilipompoteza mteja. Tserenkhand alirudisha karatasi juu ya meza. Kwenye gari alisema, "Anayenifundisha kumdanganya bosi wake, mimi atanifanyaje?" Na mzee akaitikia nyuma kwamba yeye alimtilia shaka tangu yale manukato, kwamba mtu hajipaki vile bila kuwa na harufu ya kuficha.

Basi ikabaki ya kufufuliwa. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Tserenkhand alilizungukazunguka siku nzima kabla ya kulitoa: fundi aliyesifiwa kuliko wote kwa kazi ile, katika magereji yote ya upande wa magharibi, alikuwa Purevsuren, mume wake wa zamani. Kazi alijifunzia hukohuko Korea.

"Afadhali nisukume gari kwa mikono," alisema.

Jumatatu akatupeleka gerejini kwake.

Purevsuren alikuwa mwanamume mfupi, mabega mapana, nywele zimeingia mvi. Alitoka chini ya gari, akamwona mke wake wa zamani na wagonjwa wawili nyuma yake, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umekuja na mashahidi," alisema.

"Nimekuja na abiria. Betri imekufa. Wewe unaweza au huwezi?"

"Ninaweza. Nikwambie ukweli lakini: winta hii ninakuhakikishia. Winta ijayo, pengine. Ya tatu sisemi kitu."

"Ulisema miaka mitatu na safari ile."

Akainamisha kichwa, akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari.

Aliitoa betri, akazipanga seli mezani kama vitabu vyembamba, akaanza kuzipima moja moja. Simu yake ililia, akatoka nje. Hapo hapo Tserenkhand alifungua mkoba, akatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akaweka nukta ndogo chini ya kila seli, haraka haraka, huku mzee akilinda mlango.

"Unafanya nini?" nilimnong'oneza.

"Nzima zangu atazitoa awauzie wengine, na mimi anipe makapi. Nitajua."

"Kazi safi sana," alisema Mzee Damdinjav. "Ungeingia polisi."

Wiki ile Tserenkhand aliazima gari la kaka yake kutubebea. Tuliporudi gerejini, kazi ya betri ilikuwa imekwisha lakini haijafunikwa, kama Tserenkhand alivyoagiza. Fundi alieleza: seli kadhaa zilikuwa zimekufa, amezibadilisha. Vyuma vya kuunganisha amevisugua kutu. "Na feni ilikuwa imeziba kabisa kwa sufu ya kondoo. Ulibeba mbuzi na kondoo humu?"

"Usinitafutie sababu ya kuongeza bei."

"Siongezi kitu. Ninauliza tu."

Tserenkhand alikwishainama na tochi kuchungulia chini ya seli. Aliangalia ya kwanza, ya pili, akaendelea hadi mwisho. Aliponyanyuka uso ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Hakuna hata moja yangu!"

"Zako ni nyingi humo, nakwambia."

"Niliziwekea alama. Nukta nyekundu. Ziko wapi?"

Purevsuren alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama mzee ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni kama anazuia mtu asitoroke. "Zile zilikuwa alama? Nilidhani ni uchafu wa rangi. Nimezisafisha zote kwa spiriti. Kila seli huwa ninaisafisha."

Huwezi kuthibitisha kitu kama hicho. Alikuwa na chupa ya spiriti mezani, ndiyo, na vitambaa vyenye wekundu kidogo kwenye ndoo, ila wekundu ule ungeweza kuwa wa kitu chochote.

"Jibu zuri," alisema mzee. "Zuri mno."

"Mzee wangu, mimi nina jibu hilo tu."

Nilidhani Tserenkhand atapiga kelele. Badala yake alikaa kwenye kiti cha plastiki akafikiri. Kisha akasema, "Sitaki karatasi ya dhamana. Wewe ndiye utakuwa dhamana. Utapanda nami kila safari, kwenda na kurudi, mpaka niridhike. Likizima, tutazima wote."

"Nina kazi, Tserenkhand."

"Nilikuwa na kazi mimi pia, miaka ile tisa."

Jumatano alfajiri Purevsuren alikuwa amesimama kwenye geti la nyumba yake, mikono mifukoni, anasubiri.

Nimeona safari nyingi ngumu, lakini ile ya kwanza ilikuwa ngumu kwa namna yake. Purevsuren alikaa mbele, amenyooka kama mwanafunzi. Tserenkhand alizima redio ili asikie gari. Kila lilipobadilisha kutoka betri kwenda petroli alimkazia jicho, na yeye akasema, "Kawaida hiyo."

Mzee Damdinjav hakuweza kuvumilia bahati ile: mtuhumiwa amekaa mbele yake na hana pa kukimbilia. Tulipofika barabara kuu akaanza.

"Miaka sita ya ziada. Ulikuwa wapi?"

"Mzee, acha," nikasema.

"Jibu."

Purevsuren alitazama dirishani. Kisha akajibu, taratibu, bila kugeuka. "Mwaka wa nne tajiri alitunyima mshahara. Sikuwa na cha kutuma. Nikasema, nikipata nitapiga simu. Mwezi ukapita. Ukishapitisha mwezi mmoja bila kupiga, wa pili ni mwepesi. Baada ya mwaka unaogopa kuusikia mlio wa simu wenyewe, kwamba mkeo atapokea."

Tserenkhand aliwasha redio, akaiongeza sauti mpaka hospitalini. Lakini tuliposhuka nilimwona amebaki ameshika usukani, anatazama mbele pasipo kitu.

Ijumaa ilipita vizuri. Jumatatu iliyofuata lilikuwa jua kali, lile la mwisho la Septemba, na foleni ya mchana. Tulikuwa tunapanda kilima, mimi na mzee tumechoka, yeye amelala amefungua mdomo. Mara feni ikaanza kunguruma. Pembetatu nyekundu ikawaka.

Tserenkhand alilisogeza gari pembeni, akavuta breki ya mkono. Hakupandisha sauti. "Nilijua," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

Purevsuren alikwishatoka, amefungua nyuma. "Betri imepata joto! Haipumui. Feni niliisafisha mwenyewe!"

"Ulisafisha na alama zangu pia."

Tserenkhand alitoka, akafungua mlango wa mzee kwa nguvu, nadhani alitaka kutazama kama fundi ameficha waya au kitu. Akaingiza mkono kati ya kiti na mlango, akauondoa haraka. Palikuwa pa moto. Akashika koti la ngozi ya kondoo, lililokuwa limemporomoka mzee likajazana pale pembeni, akalivuta. Nyuma yake kulikuwa na tundu lenye wavu, la kupitisha hewa kwenda kwenye betri, na nyuzi za sufu zimenasa kila mahali kwenye wavu ule.

Feni ilivuta pumzi. Ndivyo nilivyosikia mimi, pumzi ndefu.

Mzee Damdinjav aliamka, akatuona sote tunamtazama. "Nini? Mmemkamata?"

Tserenkhand alishika koti kwa mikono miwili. Miaka miwili mzee alikaa upande ule, na miaka miwili koti lile lilikuwa likilala palepale. Purevsuren angeweza kusema mengi wakati huo. Alisema tu, "Lipoe kidogo, halafu twende." Akakaa ukingoni mwa barabara, na baada ya muda Tserenkhand akaenda kukaa pia, si karibu sana naye.

Jumatano mzee hakutoka. Tserenkhand alipiga honi, akashuka, akagonga. Mimi nilisikia kutoka garini.

"Siji," alisema mzee ndani. "Nitapanda gari jingine."

"Gari jingine halipo. Vaa viatu."

"Nilikuua betri yako."

"Umri uliiua. Wewe uliusaidia. Vaa viatu, mzee, damu haisubiri aibu."

Alitoka amevaa sweta mbili, bila koti. Nikampa shali yangu. Tulipofika barabara kuu alikohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba bado kuna swali moja halijajibiwa: koti linawezaje kuporomoka kila siku upande uleule pasipo mtu kulisukuma? Akanitazama mimi. Nilicheka mpaka nikapata kwikwi, na mbele niliona mabega ya Tserenkhand yanatikisika.

Winta ilikuja na ikaondoka. Gari halikuzima hata asubuhi moja. Bado Tserenkhand anaamini seli zake nzima ziko ndani ya gari la mtu mwingine, na akimuona Purevsuren anamuuliza, na yeye bado anasema spiriti. Muda wake wa kuwa dhamana ulikwisha Oktoba, Tserenkhand mwenyewe alimwambia anaweza kwenda zake.

Asubuhi moja ya Februari, winta hiyohiyo, ukungu wa moshi umeshika mji mzima, tulimkuta Purevsuren amesimama kwenye geti la nyumba yake, mikono mifukoni. Tserenkhand alishusha kioo nusu.

"Unataka nini?"

"Nilitaka kuisikiliza betri. Baridi kama hii."

Alimwacha asimame kidogo.

"Abiria wanalipa nauli," akasema.

Purevsuren alitoa pesa. Tserenkhand alizihesabu mara mbili, kisha akamfungulia mlango.